Kache ya matokeo ya utafutaji

Kache ya matokeo ya utafutaji ni hifadhi ya muda ambamo injini ya utafutaji huweka majibu iliyokwisha kuyatayarisha, ili mtu mwingine akiuliza jambo lilelile apewe jibu bila kazi kufanywa upya. Hutumiwa na injini kubwa za intaneti, na pia na mitambo midogo ya utafutaji iliyo ndani ya maktaba za kidijitali, maduka ya mtandaoni na tovuti za magazeti.

Faida zake ni mbili: mtumiaji hupata jibu haraka, na seva hupunguziwa mzigo. Tatizo lake kuu ni kwamba jibu lililohifadhiwa linaweza kuwa limepitwa na wakati. Faida na tatizo hilo hukutana hasa pale watu wengi wanapouliza jambo moja kwa wakati mmoja, kwa kuwa mara nyingi huwa wanauliza kwa sababu kuna habari mpya.

Katika makala hii neno "ulizo" lina maana ya maneno ambayo mtumiaji huyaandika katika kisanduku cha kutafutia.

## Jina

Neno "kache" limeingia katika Kiswahili kutoka Kiingereza, ambacho kililipata kutoka kitenzi cha Kifaransa *cacher*, yaani "kuficha". Katika fani ya kompyuta lilitumika kwanza kwa hifadhi ndogo yenye kasi kubwa iliyowekwa kati ya prosesa na kumbukumbu kuu. Mwaka 1965 Maurice Wilkes wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alieleza wazo la hifadhi ya namna hiyo. Kompyuta ya IBM System/360 Model 85, iliyotangazwa mwaka 1968, ilikuwa ya kwanza kuuzwa ikiwa nayo. Baadaye neno hilo lilipanuka na kuhusu hifadhi yoyote inayoweka karibu kitu kinachotarajiwa kuhitajika tena.

Kache ya matokeo isichanganywe na mambo mawili yanayofanana nayo. La kwanza ni kache ya kivinjari, ambayo imo katika simu au kompyuta ya mtumiaji mwenyewe na huweka picha na kurasa alizokwisha kuzifungua. La pili ni nakala za kurasa za tovuti ambazo Google ilizionyesha kwa miaka mingi pamoja na matokeo yake, hadi ilipoziondoa mwaka 2024. Nakala hizo zilikuwa za kurasa zenyewe. Kache ya matokeo huhifadhi orodha ya majibu ya ulizo fulani, nayo kwa kawaida mtumiaji haioni.

## Kwa nini kutafuta ni kazi kubwa

Injini ya utafutaji haisomi wavuti yote ulizo linapofika. Kurasa husomwa mapema na programu maalumu, kisha maneno yake huwekwa katika faharasa. Faharasa hiyo inafanana na ile ya mwisho wa kitabu: kila neno lina orodha ya kurasa linamopatikana.

Mtu akiandika "bei ya mahindi Iringa", injini huchukua orodha ya neno "bei", ya "mahindi" na ya "Iringa", kisha hutafuta kurasa zilizomo katika orodha zote. Baada ya hapo hukadiria ni kurasa zipi zinafaa zaidi, huzipanga kwa daraja, na huandaa kichwa na dondoo fupi kwa kila ukurasa utakaoonyeshwa. Neno la kawaida linaweza kuwa na orodha yenye mamilioni ya kurasa. Katika injini kubwa faharasa hugawanywa kati ya seva nyingi. Ulizo moja hupelekwa kwa seva hizo zote, na jibu haliwezi kukamilika kabla ya seva iliyo polepole kumaliza, isipokuwa injini ikubali kuendelea bila mchango wake.

Ukubwa wa kazi hiyo unaonekana katika makala ya mwaka 1998 ambamo Sergey Brin na Lawrence Page, wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza muundo wa Google. Walisema kwamba wakati huo mtambo wao ulijibu maulizo mengi kwa muda wa sekunde 1 hadi 10, na kwamba ulikuwa bado hauna kache ya maulizo. Katika vipimo vyao, ulizo moja lililohusu diski kuu lilichukua sekunde 4.86 mara ya kwanza na sekunde 0.24 liliporudiwa. Ulizo jingine, lililohusu injini za utafutaji zenyewe, lilichukua sekunde 9.63 mara ya kwanza na sekunde 1.16 liliporudiwa.

Nafuu hiyo ilipatikana kwa sababu sehemu kubwa ya data iliyohitajika ilikuwa imekwisha kutolewa kwenye diski na kuwekwa katika kumbukumbu. Prosesa ilikuwa bado inalazimika kukutanisha orodha na kupanga kurasa. Kache ya matokeo huondoa hata kazi hiyo, kwa kuwa huhifadhi jibu lililokwisha kukamilika.

## Kurudiwa kwa maulizo

Kache ina maana tu ikiwa watu huuliza mambo yaleyale. Uchunguzi umeonyesha kwamba hufanya hivyo, lakini kwa mgawanyo usio sawa: maulizo machache hurudiwa mara nyingi sana, na maulizo mengi huulizwa mara moja au mbili tu. Mgawanyo huo unafanana na kanuni ya Zipf, iliyopewa jina la mtaalamu wa lugha wa Marekani George Kingsley Zipf. Yeye alionyesha kwamba katika maandishi maneno machache hutumika mara nyingi mno, ilhali sehemu kubwa ya msamiati hutokea kwa nadra.

Mwaka 1998 Craig Silverstein na wenzake walichunguza daftari la maulizo la AltaVista, injini iliyoanzishwa na kampuni ya Digital Equipment Corporation mwaka 1995. Daftari hilo lilikuwa na maombi karibu bilioni 1 ya muda wa wiki 6. Maulizo 25 yaliyoongoza yalichukua 1.5% ya maombi yote. Kwa upande mwingine, karibu 64% ya maulizo yaliyo tofauti yalitokea mara moja tu katika wiki hizo zote.

Evangelos Markatos, mtafiti wa Ugiriki, alichunguza maulizo ya injini ya Excite. Alionyesha kwamba sehemu kubwa ya maulizo hurudiwa, na mtu yuleyule au na watu wengine, na kwamba kache ya megabaiti mia kadhaa ilitosha kuhifadhi matokeo ya mengi ya yale yanayorudiwa mara kwa mara.

Matokeo hayo yanaonyesha pia mpaka wa kache. Ulizo linaloulizwa kwa mara ya kwanza haliwezi kukutwa humo, hata kama kache ni kubwa kiasi gani. Google imetangaza mara kadhaa kwamba karibu 15% ya maulizo inayopokea kila siku haijawahi kuyaona kabla.

## Namna inavyofanya kazi

Ulizo linapofika, hupitia hatua zifuatazo:

1. Kusawazisha. Nafasi za ziada huondolewa na herufi kubwa hugeuzwa kuwa ndogo, ili "Hali ya Hewa Mombasa" na "hali ya hewa mombasa" vihesabiwe kuwa ulizo moja. Mpangilio wa maneno hauguswi ovyo, kwa sababu "mbwa kamng'ata mtu" na "mtu kamng'ata mbwa" ni habari mbili tofauti.
2. Kutengeneza ufunguo. Ulizo huunganishwa na mambo mengine yanayobadilisha jibu: lugha, nchi au mji, namba ya ukurasa wa matokeo na vichujio alivyochagua mtumiaji. Anayeandika "benki iliyo karibu" akiwa Nairobi hapaswi kupewa jibu lililoandaliwa kwa mtu wa Dodoma.
3. Kutafuta katika kache. Ufunguo ukipatikana na jibu likiwa bado halali, mtumiaji hupewa jibu hilo papo hapo.
4. Kufanya kazi na kuhifadhi. Ufunguo usipopatikana, ulizo hupelekwa kwenye faharasa kama kawaida. Jibu likirudi hupewa mtumiaji, na nakala yake huwekwa katika kache.

Kipimo kinachotumika sana ni kiwango cha kupatikana, yaani asilimia ya maulizo yaliyojibiwa kutoka katika kache. Tuchukue mfano wa kubuni: kuangalia katika kache huchukua milisekunde 5, kutafuta katika faharasa huchukua milisekunde 200, na kiwango cha kupatikana ni 40%. Kati ya maulizo 100, maulizo 40 huchukua milisekunde 5 kila moja, na maulizo 60 huchukua milisekunde 205 kila moja. Wastani ni milisekunde 125 badala ya 200. Seva za faharasa nazo hupokea maulizo 60 tu kati ya kila 100.

Hesabu hiyo inaonyesha pia kwamba wastani unaweza kuficha jambo. Wale 60 hawakupata nafuu yoyote ya moja kwa moja. Waliongezewa milisekunde 5. Nafuu yao huja kwa njia nyingine, kwamba seva zisizolemewa hujibu haraka zaidi.

Kinachohifadhiwa kinaweza kuwa ukurasa mzima wa matokeo ulio tayari kuonyeshwa, au orodha tu ya namba za kurasa zilizochaguliwa. Ukurasa mzima hutolewa haraka zaidi lakini huchukua nafasi kubwa. Orodha ya namba huchukua nafasi ndogo, lakini vichwa na dondoo huhitaji kuandaliwa tena.

## Kuchagua cha kubaki

Nafasi katika kache ina mwisho. Ikijaa, jibu moja hutolewa ili jingine liingie. Kuna njia kadhaa za kuchagua:

* Kutoa lililokaa muda mrefu zaidi bila kuulizwa. Njia hii ni nyepesi na hufuata haraka mabadiliko ya mambo yanayoulizwa.
* Kutoa lililoulizwa mara chache zaidi. Hulinda maulizo maarufu, lakini ulizo lililovuma mwezi uliopita linaweza kung'ang'ania nafasi ambayo halina haja nayo tena.
* Kache tuli. Maulizo maarufu huchaguliwa kutoka katika daftari la siku zilizopita, na majibu yake huwekwa bila kubadilishwa hadi duru inayofuata.

Markatos aligundua kwamba kwa jumla njia zinazobadilika zilifanya vizuri kuliko kache tuli, lakini kache ikiwa ndogo sana ile tuli inaweza kufaa. Mwaka 2006 Tiziano Fagni na wenzake nchini Italia walieleza mbinu ya kuunganisha zote mbili: sehemu moja ya kache huwekewa maulizo ambayo ni maarufu daima, na sehemu nyingine huachwa kwa maulizo yanayovuma kwa muda.

Jibu kamili si kitu pekee kinachoweza kuhifadhiwa. Mwaka 2001 Patricia Saraiva na wenzake nchini Brazil walieleza kache ya ngazi mbili: moja ya matokeo, na nyingine ya orodha za maneno kutoka katika faharasa. Mwaka 2007 Ricardo Baeza-Yates na wenzake wa Yahoo! walionyesha kwamba kache ya orodha za maneno inaweza kuwa na kiwango cha kupatikana kilicho juu kuliko ile ya majibu. Sababu ni rahisi: ulizo "bei ya mahindi Iringa" linaweza kuwa jipya kabisa, lakini neno "bei" na neno "mahindi" huulizwa kila siku. Hata hivyo, orodha ya neno ikipatikana bado kuna kazi ya kufanya, ilhali jibu kamili likipatikana kazi imekwisha.

Mbinu nyingine ni kuandaa mapema. Mtu anapopewa ukurasa wa kwanza wa matokeo, injini inaweza kuandaa na kuhifadhi ukurasa wa pili kabla hajauomba. Ronny Lempel na Shlomo Moran walichunguza jambo hilo mwaka 2003 kwa kutumia maulizo zaidi ya milioni 7 ya AltaVista. Uamuzi huo huhitaji kipimo, kwa sababu watu wengi hawaendi mbali: katika uchunguzi wa Silverstein, kwa takriban 85% ya maulizo ni ukurasa wa kwanza tu uliotazamwa.

## Majibu yaliyopitwa na wakati

Faharasa hubadilika kila mara kurasa mpya zinaposomwa. Jibu lililo katika kache halijui mabadiliko hayo, isipokuwa limewekewa njia ya kuyajua.

Mfano ni siku ambayo Baraza la Mitihani la Tanzania linatangaza matokeo ya kidato cha nne. Kabla ya siku hiyo wanafunzi na wazazi huandika "matokeo ya kidato cha nne" ili kuona kama yametoka, na kurasa zilizopo ni za miaka iliyotangulia. Mara matokeo yanapotangazwa, ulizo hilohilo linahitaji jibu jingine. Idadi ya wanaouliza hupanda ghafla, na kwa hesabu ya mzigo wa seva hilo ndilo ulizo linalofaa zaidi kuwekwa katika kache. Lakini kache inayoshikilia jibu kwa saa 6 inaweza kuwaelekeza watu kwenye matokeo ya mwaka uliopita kwa saa zote hizo, na kufanya hivyo kwa kasi kubwa. Ulizo linaloipa kache faida kubwa kuliko yote ndilo linaloweza kuipotosha kuliko yote.

Kuna njia tatu za kupunguza tatizo hilo:

* Muda wa kuishi. Kila jibu hupewa muda, na ukiisha halitumiki tena. Muda unaweza kutofautiana: ulizo kuhusu kimo cha mlima Kilimanjaro linaweza kukaa siku nyingi, ilhali la matokeo ya mpira linapaswa kukaa sekunde chache.
* Kubatilisha. Ukurasa mpya ukiingia katika faharasa, mfumo hutafuta majibu unayoweza kuyaathiri na kuyafuta. Njia hii ni sahihi zaidi lakini ni ngumu, kwa kuwa ukurasa mmoja unaweza kugusa maulizo mengi mno.
* Kuburudisha. Seva zikiwa na nafasi, kwa mfano usiku, injini hurudia yenyewe maulizo maarufu ili majibu yake yawe mapya. Mwaka 2010 Berkant Barla Cambazoglu na wenzake wa Yahoo! walieleza mbinu hii. Walionyesha kwamba katika injini kubwa, ambako nafasi ya kuhifadhi si haba, shida kubwa ni upya wa majibu kuliko ukubwa wa kache.

Jibu tupu nalo huhitaji uangalifu. Ulizo likikosa matokeo yoyote na hali hiyo ikahifadhiwa, ukurasa utakaochapishwa dakika 10 baadaye unaweza kufichwa na kache. Kwa sababu hiyo majibu matupu hufaa kupewa muda mfupi.

Ikumbukwe kwamba kache ya injini ya utafutaji haiwezi kusaidia tovuti ambayo watu wanaelekezwa. Tovuti ya matokeo ya mtihani ikilemewa na wageni, inahitaji kache yake yenyewe.

## Kache inapokuwa tupu

Kache inayofanya kazi vizuri inaweza kuzoeleka hadi mfumo ushindwe kusimama bila hiyo. Injini inayopokea maulizo 1,000 kwa sekunde, yenye kiwango cha kupatikana cha 50%, inaweza kujengewa seva za faharasa zinazomudu maulizo 500 tu. Kache ikifutwa, kwa ajali au kwa sababu faharasa mpya imewekwa, seva hizo hupokea maulizo yote 1,000, yaani maradufu ya uwezo wake.

Jeff Dean wa Google alieleza hatari hiyo katika hotuba ya mwaka 2009. Alitaja kiwango cha kupatikana cha 30% hadi 60%, kikitegemea mara ngapi faharasa hubadilishwa, aina ya maulizo na kiasi ambacho majibu hulengwa kwa mtu mmoja mmoja. Tahadhari za kawaida ni kujaza kache kwa maulizo maarufu kabla ya seva kuanza kupokea watu, kufuta majibu kidogo kidogo badala ya yote pamoja, na kuhakikisha kwamba maulizo yanayofanana yakifika kwa wakati mmoja, moja tu linakwenda kwenye faharasa na mengine yanasubiri jibu lake.

## Faragha

Jibu lililotengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja, kwa mfano linalotegemea barua pepe zake au historia yake ya kutafuta, halipaswi kupewa mtu mwingine. Ufunguo usipotaja kitu kinachomtofautisha mtumiaji huyo, kosa dogo la programu linaweza kufichua mambo yake. Kadiri majibu yanavyolengwa kwa mtu, ndivyo kache ya pamoja inavyopungukiwa na faida.

Daftari za maulizo, ambazo ndizo zinazosaidia kuchagua cha kuhifadhi, zina hatari yake. Mwezi Agosti 2006 kampuni ya AOL ilitoa hadharani, kwa ajili ya watafiti, maulizo takriban milioni 20 ya watumiaji zaidi ya 650,000. Majina yalikuwa yamebadilishwa kuwa namba, lakini waandishi wa habari waliweza kumtambua mtumiaji kutokana na maneno aliyoyatafuta. Kampuni iliondoa data hizo na kuomba radhi.

## Katika mitambo midogo

Kache ya matokeo haihitaji kituo kikubwa cha data. Programu huria ya Apache Solr, inayotumiwa na maktaba na tovuti nyingi, huja nayo. Kila faharasa ya Solr inapofunguliwa upya baada ya mabadiliko, kache ya zamani huachwa, na mpya inaweza kujazwa kwa kurudia baadhi ya maulizo ya awali. Watengenezaji wengine huhifadhi matokeo katika programu za jumla kama Memcached, iliyoanza mwaka 2003, au Redis, iliyoanza mwaka 2009.

Kabla ya kuiweka, msimamizi wa tovuti hupaswa kuangalia daftari lake la maulizo. Kama watu 1,000 huuliza mambo 900 tofauti, kache itasaidia kidogo, na ni afadhali kuboresha faharasa. Kama nusu yao huuliza mambo 20 yaleyale, hata kache ndogo italeta tofauti. Hapo hubaki kuamua ni kwa muda gani kila jibu linaweza kuendelea kuwa kweli.

## Tazama pia

* Injini ya utafutaji
* Kumbukumbu ya kompyuta
* Seva
* Wavuti